Mawe Meusi Kutoka Goba

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, bibi yangu mzaa mama, Bi Kidawa, amesimama sebuleni kwetu Temeke na kikombe mkononi, chai inamwagikia kanga yake na yeye hana habari. Miaka mitano ilikuwa haijatimia tangu niolewe na Rajabu. Nilidhani bibi kapatwa na kiharusi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema fulani alipigwa na butwaa, uso ninaouona ni wa bibi.

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nyie vijana mkianziwa habari katikati mnasema mzee kachanganyikiwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, madukani vitu vimejaa na kila mtu anahangaika kutafuta la kufanya. Rajabu alipunguzwa kazi kiwandani, akaamua kuuza samaki wa mapambo. Wa kutazama, si wa kukaanga. Mama mkwe wangu alilia kama kafiwa. Lakini wenye nazo wa Kinondoni walikuwa wanafungua saluni na hoteli, na kila mmoja alitaka tangi la kioo lenye samaki mlangoni, kwa hiyo tulikula.

Kisha fundi mmoja wa Kijapani aliyekuwa anarudi kwao akamwachia gazeti lenye picha za matangi ya huko. Rajabu hakuweza kusoma hata herufi moja, lakini zile picha zilimtia wazimu. Ndani ya maji hamkuwa na nyumba ya plastiki wala sanduku la kutoa mapovu. Ni majani mafupi, mchanga na mawe basi, lakini yamepangwa hivi kwamba ukitazama unaona milima na mabonde. Akagundua kuwa Wajapani hawapangi mawe shufwa: ni matatu, au matano, au saba. Moja kubwa ndilo linalotawala, limeinama kidogo kama linasukumwa na maji, na mengine yanaelekea lilikoinamia.

Mawe ya pwani yetu ni ya matumbawe. Aliyajaribu, maji yakaharibika, samaki wakafa. Alitaka meusi, magumu. Siku moja akarudi na baiskeli, kiroba nyuma, meno yote nje. Nikamuuliza kayapata wapi, akasema Goba, kwenye shamba la bibi, kule mteremkoni. Bibi alishahamia kwa mjomba wangu Vingunguti kwa sababu ya miguu, shamba likabaki nyasi tupu. Sikuona neno.

Siku nyingi alipiga magoti mbele ya kile kioo. Anainua jiwe, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anaingiza mkono tena. Kila jiwe alilifukia kiasi mchangani lionekane limekaa pale tangu enzi. Likienda nusu kidole kushoto, anaanza upya. Alipomaliza, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile ndani ya nyumba ya mtu. Mwenye hoteli mmoja alishalipenda tangi lile na alikuwa analifuata kesho yake, ndiyo tukamwita bibi aje alione kabla halijaondoka.

"Shikamoo, Bibi," Rajabu akasema akiingia, anamsogezea kiti.

Bibi hakuitikia. "Haya mawe umeyatoa wapi?"

"Goba, Bibi. Kule kwako."

"Kwani Goba kuna mawe?"

Rajabu akacheka kidogo. "Si ndiyo haya."

"Nakuuliza wewe. Umekuja kwangu kuchimba mihogo mara ngapi? Jembe lako limewahi kugonga jiwe?"

Mimi mwenyewe nililima kule tangu mdogo na jembe langu halikuwahi kugonga kitu.

"Babu yenu aliyatoa Morogoro, alipokuwa kazi ya reli," bibi akasema. "Kayaleta na treni, kisha akayabeba kichwani. Mawili ya Zuhura, mawili ya Salehe. Kichwani pa kaburi na miguuni. Surua iliwachukua wote wiki moja."

Nilijua bibi alizika watoto wawili kabla ya kumzaa mama. Walizikwa wapi, sikuwahi kuuliza. Sasa mashahidi, mawe ya alama ya makaburi yao, ya mama yangu mkubwa na mjomba wangu mwingine, yalikuwa yamesimama majini, samaki wadogo wekundu wanapita katikati, na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimefuta kioo yapate kung'aa.

Bibi akasogea. "Naona matatu. La nne liko wapi?"

Rajabu akatazama vijiwe vya mchangani. Ikabidi nijibu mimi, maana nilimwona akifanya. Manne ni shufwa, yaliharibu mpango, basi moja alilipasua kwa nyundo apate vijiwe vya kutawanya chini ya lile kubwa. Bibi akaweka kikombe mezani taratibu. Hakulia wala hakufoka, na mimi nilitamani afoke.

Tangi likamwagwa mchana ule ule. Rajabu akaokota kila kipande mchangani, tukavifunga kwenye kitambaa cheupe. Kesho yake tukakodi pikapu mpaka Goba.

Rajabu akasimama mteremkoni, jiwe kalikumbatia. Mvua zilikuwa zimenyesha tangu alipoyang'oa, mashimo yamejaa, nyasi zimefunika. "Ilikuwa hapa," akasema. Akaenda mbele, akarudi. "Au pale juu kidogo." Bibi naye alijaribu, lakini nyumba yake ilishabomoka, mikorosho ilishakatwa mkaa, na alama aliyobaki nayo ilikuwa ni yale mawe.

"Nyumbani kwenye kioo ulijua kila moja linakaa wapi, hata nusu kidole," akamwambia. "Huku hukutazama ulipoling'oa."

Kisha akafanya jambo lililonishtua kuliko yote. Akavua ndara. Akainua mguu mmoja, akabaki ameushikilia hewani, ananiegemea begani.

"Sasa nikanyage wapi?" akaniuliza.

Alikuwa ananiuliza kweli, anasubiri jibu. Rajabu akambeba mgongoni mpaka barabarani, ananyata huku analia. Mawe tuliyaacha pembeni, yote pamoja na vile vipande. Bibi hakurudi Goba mpaka anaingia kaburini.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nasikia umenunua kiwanja na trekta linakuja kusafisha. Sikukatazi kujenga wala kupamba. Rajabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jicho zuri, ila alitazama kitu kitakavyopendeza kwake, hakuuliza kilikuwa na kazi gani pale alipokikuta. Ukikuta kitu mahali ambapo hakiwezi kuwa kimefika chenyewe, ujue kuna mtu alikileta. Mtafute. Kama amekufa, mtafute mwanawe. Nenda kwa mwenyeji mzee kuliko wote mtaani, mpe shikamoo yake, mshike mkono akutembeze kiwanja chote kabla hujagusa hata kijiti, na mafundi wasubiri, hata kama hati ina jina lako.

Mungu akuzidishie, mwanangu. Akupe watoto, wakuzike wewe na si wewe kuwazika wao, na kila pembe ya uwanja wako uikanyage kwa amani.