Mwanafunzi wa Mama Koo

Madaktari wapya walimwita Mama Koo kwa sababu, kwa miaka kumi na tisa, muuguzi huyu wa usingizi aliwafundisha kupitisha mpira wa hewa kooni mwa mgonjwa aliyeshindwa kupumua. Aliwaonya kila siku: ukikosa mara mbili, acha, mpe hewa kwa barakoa, ita mwenzako.

Alikuwa likizoni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alipoletwa hospitalini hapo hoi. Daktari kijana alijaribu mara tano peke yake, mpaka pumzi ya mgonjwa ikakatika.

Baada ya mazishi Mama Koo alirudi kazini, akamkuta kijana yule mbele ya sanamu la mazoezi, akijaribu kupitisha mpira.

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Niliona aibu, mama."

Wanafunzi wengine wote aliwaita mwanangu, huyu hakuweza.

"Shika chombo kwa mkono wa kushoto, daktari. Inua ulimi, usiegemee meno."

Alimfundisha wiki tatu, mpaka akaweza. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Na nyumbani, mama yao alipomuuliza kama daktari yule bado yupo kazini, alijibu kwamba hajui.