Jokofu la Tura Liliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na shahada ya chuo kikuu kwenye bahasha, shati lililopigwa pasi mara mbili, na imani kwamba Tabora ilikuwa inanisubiri. Haikuwa inanisubiri. Mkuu wa Mifumo, mama wa Kinyamwezi asiyependa maneno mengi, alinionyesha meza karibu na stoo ya chanjo ya mkoa. "Hapa hatuandiki programu za kupendeza," alisema. "Tunalinda baridi."

Kila zahanati ilikuwa na jokofu la chanjo, na kila jokofu lilifungwa kifaa kidogo kilichotutumia joto lake kwa mtandao wa simu. Kompyuta yetu ya kupokea ilikuwa duni, kwa hiyo tuliandika kwa C, lugha inayokaa karibu na mashine na isiyosamehe. Nilipewa kuandika kipitishi. Hicho ni kipande cha programu kinachokumbuka kimefika wapi kwenye orodha. Ukikiuliza "anayefuata?" kinakupa kitu kimoja, kisha kinasogea hatua moja. Orodha ikiisha kinajibu "hakuna kitu", nawe unaacha kuuliza. Mistari michache tu. Nilijisifu wiki nzima.

Orodha ilifuata reli, kuanzia Tura kuelekea magharibi. Masika moja radi ilipiga mnara wa simu upande wa Tura, na jokofu la huko likanyamaza. Kipitishi changu kilipokosa joto la Tura kilijibu "hakuna kitu", jibu lile lile la mwisho wa orodha. Programu ikaamini imemaliza kazi. Vituo vyote vilivyofuata havikuulizwa tena, na skrini yangu, ikishikilia vipimo vyao vya mwisho, ikaendelea kuwa ya kijani, nami nikaendelea kunywa chai.

Kesho yake alipiga simu nesi wa zahanati moja upande wa Usinge, mbali magharibi kwenye reli hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtaalamu, jokofu langu limepanda joto tangu alfajiri. Mashine yako imelala?"

"Huku linaonekana zima, mama."

"Linaonekana na nani? Mimi nimeshika kipimajoto mkononi."

Kwenye mafunzo ya vifaa vyetu nilikuwa nimemcheka kwa kile kipimajoto, nikamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Namshukuru Mungu hakunisikiliza. Alikuwa ameshahamishia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, na hakuna iliyoharibika. Angechelewa, akina mama ambao wangetoka mashambani kesho yake wangerudi na watoto wao bila kuchanjwa.

Nilipogundua kosa nilimpigia kumweleza. Alicheka. "Mwanangu, siku ya kliniki nikiita jina na mtoto hajafika, nafunga daftari niende nyumbani?"

Kwa Mkuu nilikwenda nikisubiri barua ya kufukuzwa. Alisoma mistari yangu polepole.

"Chuo ulikaa miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Na nesi amekumalizia somo kwa simu moja. Vuta kiti."

Tulitenganisha majibu mawili. La kwanza lilisema kama orodha bado inaendelea. La pili, kama kituo kilichofikiwa kimesema chochote. Tangu hapo kituo kikinyamaza, kengele ililia kwa ajili yake, na kipitishi kikasonga mbele. Kisha Mkuu akaniambia alfajiri nipande gari la barafu linalopeleka chanjo kwenye zahanati, nikaombe radhi ana kwa ana.

Sasa nimestaafu, mapema kidogo, kwa sababu ya macho. Aliyenirithi amekiandika upya kipitishi kwa lugha mpya inayokataa kosa kama langu kabla programu haijaanza kufanya kazi. Nimefurahi, na nimeona wivu. Wanaoanza kazi huniuliza siku gani ilikuwa bora, wakitarajia tuzo fulani. Nawasimulia asubuhi ile ya Usinge. Nesi hakutaka hotuba yangu ya radhi. Alinikabidhi mizani ya kupimia watoto. Wa kwanza alichomwa sindano akalia kwa nguvu zake zote, na mama yake akanishika mkono. "Asante, daktari." Nilifungua mdomo nimsahihishe, lakini nesi alikuwa ameshaita jina jingine, na mizani ilikuwa mikononi mwangu.