Siku Maji Yalipojaa Mara Mbili

Saa ya mkononi nilinunua nikiwa mtu mzima, tena kwa ajili ya kupendeza tu. Mambo yangu yote nimeyaendesha kwa maji. Maji yakijaa boti zinatoka, yakipwa watu wanashuka kwenye tope kutafuta riziki, na mimi katikati nanunua kamba wao wabichi. Nilianza kwa kubeba boriti za mikoko begani. Leo nina boti mbili za mashine na majokofu pale Salale, kijijini kwetu deltani, na Kibiti mjini nina nyumba ya tofali ambayo mgeni yeyote akiuliza njia anaelekezwa kwayo. Shule niliishia darasa la nne. Waliofika chuo nawalipa mshahara.

Sasa, mwaka huo tulikuwa tunamwoza binti yangu wa pili. Kijana alitoka Ruaruke, mstaarabu, ana shamba la korosho na pikipiki isiyo ya mkopo. Mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni: nitamwozesha mwenyewe, kwa kinywa changu. Dada yake alipoolewa nilikwama huko mbele ya delta, upande wa bahari, na mzigo wa kamba unaoyeyukiwa na barafu, nikatuma uwakili kwa simu, na mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeshika mkono wa bwana harusi. Tangu siku hiyo hakuna kikao ambacho mdogo wangu hakukumbusha. "Mie ndiye niliyemwozesha yule," anasema, kama vile ndiye aliyemzaa. Nikaapa kwamba huyu wa pili hatamgusa.

Wiki chache kabla ya ndoa, vijana wanne walikuwa wanapandisha mashine ya boti ufukoni. Wakaifanya ovyo. Nikaingia kati kuwaonyesha namna ya kuishika, ikaponyoka, ikatua kwenye muundi wangu. Mfupa ulilia mpaka aliyekuwa ng'ambo ya mto alisikia. Hospitali wakanipasua, wakaweka chuma. Daktari alisema mfupa wangu ni mgumu kuliko kawaida, na mimi sikumbishia.

Nilirudi na vidonge vya tramadol. Aliyenikabidhi maelezo alikuwa muuguzi wa kituo cha afya Kibiti, nilikokwenda kusafisha kidonda, mama mmoja wa Kihaya asiyecheka ovyo.

"Mzee wangu, hii si dawa ya kutafuna kama karanga," aliniambia. "Ni ya ukoo mmoja na ile sindano ya mofini waliyokuchoma hospitali. Kidonge kimoja, ukiwa na maumivu makali. Kisha hukigusi kingine mpaka zipite saa sita. Maumivu yakiwa madogo, ruka."

"Na boti?"

"Boti ipumzike. Pikipiki ipumzike. Itakulevya."

"Mie silewi, dada. Sijawahi kuonja pombe."

"Hapo umenisaidia, maana ukichanganya na pombe au dawa za usingizi unaweza kusahau kupumua." Akanitazama mpaka nikaacha kutabasamu. "Maji mengi na mapapai, choo kitakuwa kigumu. Na usimgawie mtu."

Hilo la kutogawa ndilo lililonipa shida, kwa sababu Salale mtu akija kukujulia hali hatoki mikono mitupu, na mimi ni mtu ninayejulikana kwa kutoa. Alikuja jirani mmoja na mgongo wake, akaviona vidonge. "Bwana mkubwa, nipe viwili nikalale kama wewe." Nikampa samaki. Akaondoka ananung'unika kwamba utajiri umenibadilisha.

Lakini saa sita! Nilimwambia yule muuguzi kwamba sisi hatuhitaji saa ya ukutani. Maji yanajaa, yanapwa, yanajaa tena, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na chenga. Mungu ametuwekea kengele mlangoni. Nitameza maji yakijaa, nitameza yakipwa, basi.

"Mimi nimezaliwa kandokando ya ziwa," alinijibu. "Ziwa letu halijai wala halipwi, na dawa tunakunywa. Tumia saa, mzee."

Nikasema ndiyo, nikaenda zangu nikatumia maji. Na niseme ukweli, ilifanya kazi vizuri kuliko saa yoyote. Nilikuwa naketi barazani, mguu juu ya stuli, natazama mti wa nanga, ile nguzo ya kufungia boti. Maji yakifika alama ya juu au ya chini, kidonge. Mke wangu mwenyewe alikuwa akisema, "Baba watoto, maji hayo, umeza." Nikawa najisifu kwa kila anayekuja kwamba nimevumbua kitu ambacho madaktari hawana.

Siku ya ndoa tuliondoka Salale mapema asubuhi, maji yamejaa pomoni. Wanawake na bibi harusi boti moja, mimi na wanaume boti nyingine, tukielekea diko la huku ndani, mahali tunapoacha boti na kupanda gari kwenda Kibiti. Nilimeza kidonge changu nikiwa bado kwenye gati. Nikalazwa juu ya magodoro chini ya turubai, nahodha wangu akaniuliza, "Bosi, leo wewe ni mzigo au abiria?" Nikamwambia awe makini na mkondo. Nikalala.

Sasa msomaji asiyeifahamu delta anahitaji kujua kitu kimoja. Maji hayajai kila mahali kwa wakati mmoja. Yanaingia kutoka baharini, yanapanda na mkono wa mto taratibu. Yakiwa yamejaa mbele, huku ndani bado yako njiani. Boti ikienda sawa na maji, unasafiri nayo, na ukifika huku juu unayakuta ndiyo kwanza yanajaa. Hili analijua mtoto wa miaka saba. Mimi nalijua kuliko yeyote. Mzigo wangu wote wa kamba nauvusha kwa hesabu hiyo.

Basi niliamshwa na boti kugonga diko. Mguu ukatoa cheche. Nikafungua macho, nikaona maji yamefunika mizizi yote ya mikoko, yamejaa kabisa. Kichwa changu kilichojaa usingizi kikapiga hesabu: maji yamejaa, mara ya mwisho nilimeza yakiwa yamejaa, kwa hiyo nimelala mpaka yamepwa na kujaa tena. Masikini, nimejinyima dawa! Nikameza kingine kwa maji ya chupa. Jua lilikuwa bado la asubuhi. Sikulitazama.

Nilipofika nyumbani Kibiti, turubai limefungwa, sufuria za pilau zinatoa mvuke uani, wakwe wameshafika. Nikasalimiana na mjomba wa bwana harusi, nikamwambia "Karibu, bwana mkwe." Kisha nikamwambia tena. Mara ya tatu akacheka.

"Mkwe wetu ana ukarimu wa kurudia," akasema.

Ulimi ulikuwa mzito kama nimeng'ata limau bichi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mke wangu akanifuata, akaninyanyua kidevu.

"Umemeza lini?"

"Maji yalipojaa."

"Wapi?"

"Salale."

"Baada ya hapo hukumeza?"

"Nilimeza. Maji yalipojaa."

"Wapi?"

"Pale dikoni."

Yeye ni binti wa mvuvi. "Baba watoto," akasema, "hayo si ni maji yale yale?"

Nikayafikiria. Yalikuwa ni yale yale.

Alimpigia simu muuguzi palepale. Nilisikia sauti ya yule mama ikitoka kwenye simu bila hata spika: nisiachwe nilale peke yangu, nisipewe dawa nyingine yoyote, niletwe kituoni sasa hivi, na vidonge vyangu viletwe pia. Nikasema haiwezekani, baada ya adhuhuri naozesha. Hapo mdogo wangu alikuwa ameshafika, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa, uso unang'aa.

"Kaka, usijisumbue," akasema. "Nipe uwakili. Dakika tano tu. Kazi hii mie naijua."

"Hunipati."

"Shehe mwenyewe hatakubali. Mtu hajui alipo!"

Na kweli, shehe aliyekuja kufungisha alinitazama, akatikisa kichwa. Alisema mwenye kuozesha lazima akili yake iwepo, na yangu aliiona imesimama mlangoni inataka kutoka. Ama niweke wakili, ama tungoje. Wakwe wakaanza kutazamana. Safari ya Ruaruke si ya kulazimisha usiku.

Tukiwa bado hapo, binti yangu akapaza sauti kutoka chumbani. Hakuruhusiwa kutoka, lakini sauti yake haikuhitaji mjumbe, maana dirisha lilikuwa wazi. "Baba ndiye atakayeniozesha. Mpelekeni kituoni. Watu waacheni wale pilau."

"Pilau kabla ya ndoa?" mjomba wa bwana harusi akauliza.

"Kwani ndoa itachacha, mjomba?"

Nikapelekwa kwa bajaji, mke wangu upande mmoja na vidonge vyangu, mdogo wangu upande wa pili kanishika bega nisilale, ananifinya kwa furaha kuliko ilivyohitajika. Muuguzi aliniketisha kwenye kiti cha mbao, akahesabu pumzi zangu kifua kikipanda na kushuka, akapima mapigo ya moyo, akauliza kama nilimeza dawa ya mafua au kitu kingine. Nikamwambia hapana. Alipoelezwa habari ya maji, aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu.

"Mzee, umebahatika ni viwili na una mwili. Dawa hii mtu hulala, pumzi zikapungua, zikapungua, na wa pembeni anadhani anakoroma vizuri. Utakaa hapa."

Nilikaa. Kila nilipofumba macho akaniita. Nikamsimulia nilivyoanza na boriti, akasema endelea, nikaendelea, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kunisikiliza muda mrefu hivyo bila kuninunulia kamba. Adhana ya alasiri ilipita. Ulimi ukaanza kurudi kinywani, na maumivu ya mguu nayo yakarudi. Nikayafurahia kama jamaa wa karibu. Akaniruhusu nikiwa nimetembea kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi. Vidonge akampa mke wangu, si mimi. Akamwekea kengele kwenye simu, akamwambia vitakavyobaki mguu ukipoa virudishwe kituoni, visikae kwenye sanduku kumngoja mwenye mgongo.

Nyumbani watu walikuwa wameshiba na wametulia. Shehe akaniketisha mbele yake.

"Soma Alhamdu."

Nikasoma. Akanirekebisha mahali pamoja. Nikamwambia nimeisoma hivyo tangu chuo cha Kurani kwa mwalimu wangu, na mwalimu wangu alikuwa mkali kuliko yeye.

"Haya," shehe akawageukia mashahidi, "ubishi umerudi, akili imerudi."

Nikaushika mkono wa yule kijana. Ulikuwa umelowa jasho. Wangu ulikuwa mkavu. Nikatamka kwamba nimemwozesha binti yangu kwa mahari tuliyokubaliana, neno moja moja, bila kukwama, na nadhani waliokuwa barabarani walisikia. Kijana akajibu "nimekubali" kwa sauti ya kuku mgonjwa, nikamwambia aongeze, akaongeza. Uani vigelegele vikapasuka.

Mdogo wangu alikuwa shahidi. Nilimtazama akisema "nimeshuhudia," na nikamwonea huruma kidogo. Kisha nikaulizia pilau. Wakaniletea ukoko uliobaki chini ya sufuria, mgumu, umeungua upande, na binti yangu mwenyewe, na hina yake mikononi, ndiye aliyenibandulia.