Chumba cha Mwisho cha Mwalimu Gabrieli

Masika yale homa ya kichwa ilipopita vijiji vya Uluguru, ilimlaza Mwalimu Gabrieli kwa muda mrefu, na alipoinuka kitandani masikio yake yalikuwa yamekufa. Kwanza alidhani mvua imekatika. Kisha akaona maji yakimiminika kutoka ukingoni mwa paa, na mkewe Yuliana akifungua na kufunga mdomo mbele yake, ndipo akajua.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, kufika Morogoro. Shule ya misheni aliyofundisha, kule juu mlimani, ilikuwa inakua upesi. Watoto walishuka kutoka kila ukingo wa mlima mpaka lile banda la miti na nyasi likashindwa kuwameza, na Padre akaanza kuchoma matofali ya kujengea shule mpya.

Gabrieli alirudi darasani akitumaini kwamba macho yatamtosha. Siku moja aligeuka kutoka ubaoni akamkuta Padre amesimama mlangoni, na watoto wamejiinamia kwa aibu. Walikuwa wamepiga kelele hadi zikafika kanisani, naye mwalimu alikuwa akiandika kwa utulivu kabisa. Padre hakumgombeza. Alimwondoa darasani, akampa kazi ya kupiga kengele. Gabrieli aliivuta ile kamba asubuhi, mchana na jioni, na alichopata yeye ni mtetemo tu viganjani.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Yuliana hakumwacha, alimpikia na kumfulia kama zamani. Lakini jioni wanawake walipokuja kumenya maharage uani, Gabrieli alimwona akicheka mpaka anajifuta machozi. Akimuuliza wanacheka nini, Yuliana alitikisa kichwa, maana yake si kitu. Baada ya muda Gabrieli akaacha kuuliza.

Akaanza kutembea peke yake njia za juu, na huko ndiko alikowaona Chausiku na Mosi. Walikuwa watoto wawili wa tumbo moja, viziwi tangu kuzaliwa, na kazi yao ilikuwa kufukuza nyani katika shamba la mjomba wao. Gabrieli aliwajua. Miaka yote ya ualimu wake alipita kando ya shamba lile akienda kuwahimiza wazazi wa vijiji vya mbele walete watoto shuleni, wala hawa hakuwahi kuwahesabu. Sasa alisimama akawatazama. Walikuwa wanazungumza kwa mikono, haraka haraka, na yeye hakuambulia hata neno moja.

Alishuka moja kwa moja hadi kwa Padre, akaomba chumba kimoja katika jengo jipya, chumba cha viziwi.

"Baba, watoto hawa hawakuikataa shule," alisema. "Mimi ndiye niliyepita shambani kwao nisiwaite."

Padre alichukua kibao akaandika kwamba matofali yapo, ila miti ya paa imetosha vyumba vya mbele tu, na msitu wa juu serikali imeufunga. Akafuta, akaandika tena: akipata kibali cha kukata miti, chumba cha mwisho ni chake.

Basi Gabrieli akateremka Morogoro, akaketi barazani bomani pamoja na watu wengine wenye shida zao. Karani aliandika jina lake. Watu waliinuka mmoja mmoja wakaingia, jua likazunguka, baraza likabaki tupu. Askari akaja akamwonyesha njia kwa fimbo. Gabrieli alijieleza, na kwa midomo ya yule askari akaelewa kwamba aliitwa, tena zaidi ya mara moja, akadharau kuitika. Alitoka akaketi chini ya ukuta wa nje, akakosa hata nguvu za kutafuta mahali pa kulala.

Katika ukuta ule kulikuwa na mwashi akipiga lipu, Mwislamu wa pale mjini, jina lake Stambuli. Alikuwa amemwona tangu asubuhi. Hakumpigia kelele sikioni kama walivyofanya watu wote. Alichuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakakutana, akagusa sikio lake mwenyewe, akakunja kiganja kuuliza. Gabrieli aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka. Tangu augue, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo.

Kesho yake Stambuli aliacha kazi yake, akaketi naye barazani. Jina lilipoitwa, akamgusa goti. Gabrieli akaingia, akaeleza haja yake, akatoka na kibali.

Miti ikakatwa. Ile ya vyumba vya mbele wanakijiji walikuwa wameibeba zamani kwa nyimbo. Ya chumba cha mwisho Gabrieli aliiteremsha mwenyewe, gogo baada ya gogo, na mabega yakachubuka. Ilipofika zamu ya kuta, Stambuli alipanda mlima na mwiko wake, na binti mdogo akimfuata nyuma. Aliinua kuta na kuzipiga lipu. Alipomaliza akamsogeza binti mbele, akasema polepole ili Gabrieli amsome midomo:

"Huyu Mwanaasha, naye hasikii. Sitaki abatizwe. Nataka ajue kuandika jina lake."

Padre alikubali. Mjomba wa akina Chausiku alikuwa mgumu zaidi, maana aliuliza nani atafukuza nyani. Wakapatana kwamba watoto waje mchana, wenzao wakishawapokea shambani. Mwanaasha akakaa kwa masista wa misheni.

Gabrieli aliwafundisha herufi kwa kuchora kitu na kuandika jina lake: jembe, mgomba, mto. Waliposhika kwamba jina linaweza kukaa ubaoni, Mosi alizunguka chumba kizima akigusa kila kitu, ukuta, dirisha, shati la mwalimu, akidai jina lake. Siku ile Gabrieli alisahau kwenda kupiga kengele ya jioni.

Lakini watatu hao walikuwa na lugha yao, na Mwanaasha aliizoea upesi kuliko alivyozoea kalamu. Waliambiana mambo mgongoni mwa mwalimu, wakacheka. Gabrieli akigeuka akiuliza, Chausiku alimrudia polepole, ishara moja moja, kama mtu anavyosema na mtoto mchanga. Alikuwa anachelewa. Mikono yake ilikuwa mizito, na kichwani mwake bado yeye aliwaza kwa sauti, sauti ya mama yake na ya Yuliana enzi za ujana, ambazo watoto wale hawakuzijua wala hawakuzitamani.

Hakuwaonea wivu, ila alijua kwamba hata humu yeye ni mgeni.

Jioni watoto walipotawanyika, alifagia chaki, akafunga dirisha, akaketi kwenye benchi lao. Hapo alifanya mazoezi ya ishara za siku ile peke yake, akirudia na kukosea, mpaka ukungu wa mlimani ukajaa mlangoni na mikono yake mwenyewe isionekane tena. Ndipo aliposhika njia ya nyumbani.