Siku Niliyovua Kitambaa cha Mkono Ndivani

Nitawasimulia, ila mcheke kidogo kidogo, maana bega hili bado linanikumbusha aibu niliyoipata pale ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia mashamba huko Chome, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa mpasua mbao, na siku moja msumeno uliponasa nikauvuta kwa nguvu za kijinga, kano ya msuli wa mkono ikakatika begani na msuli wote ukaporomoka karibu na kiwiko (wenzangu wakadhani nimenenepa mkono mmoja). Kwenye hospitali ya misheni daktari akanipasua, akaishona ile kano kwenye mfupa, akanining'inizia mkono shingoni kwa kitambaa na kunionya, "Usinyanyue hata ndoo ya maji mpaka nikuruhusu."

Basi pembe ya msaragambo ikalia, watu wote tukafanye kazi ya pamoja ya kuinua ukuta wa ndiva, na mgonjwa kwa desturi yetu husamehewa, lakini mimi nilikuwa nimemposa Naelijwa, na baba yake, Mzee Elisa, angekuwepo, nikajiambia huyu hatamwoza binti yake kwa mtu wa mkono mmoja, nikavua kitambaa nikakisokomeza mfukoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mkono unaendeleaje?"

"Mzima kabisa!" nikasema, na ili aamini (hapo ndipo nilipoharibu) nikanyanyua jiwe ambalo hakuna aliyenituma kulinyanyua.

Bega likalia kta, jiwe likaniponyoka, likaangukia mti uliozibia tundu la kutolea maji, mti ukang'oka, na maji yote yakaenda zake korongoni huku kijiji kizima kimesimama na majembe, nami nimekaa matopeni nalia kama mtoto. Kumbe yalikuwa maji ya zamu ya Mzee Elisa.

Hakunigombeza. Alikitoa kitambaa mfukoni mwangu (kumbe ncha ilikuwa inaning'inia muda wote), akanifunga, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nimekuja mapema ili nikuombee ruhusa."

Daktari alikataa kunipasua tena, na msuli uko hapa karibu na kiwiko mpaka leo. Naelijwa nilimpata, ila harusi ilisubiri mavuno mengine, kwa sababu mahindi ya karamu yalikaukia shambani kwa baba mkwe. Tangu hapo, hata mwiba ukinichoma kidole, nakifunga kitambaa kikubwa na kwenda nacho msaragambo, kila mtu akione.