Chujio la Sitini na Moja

Madereva wa malori walimwita Mkasi, na jina likamkaa. Lori likianza kuzembea mlimani, taa ya injini ikawaka, walimpelekea yeye. Alikata lile kopo la chuma la kuchuja moshi, akaunga bomba tupu, akaidanganya kompyuta ya injini ione mambo ni shwari. Makopo sitini yalikuwa yamelala nyuma ya gereji yakila kutu, na hata siku moja hakujisumbua kuchungulia ndani.

Hukohuko nyuma, kando ya barabara ya malori, mkewe, dobi, alianika shuka za nyumba ya wageni. Kwa miezi zilikuwa zikikauka na ukijivu. Alibadili sabuni mara nne, akafua mara mbilimbili mpaka vidole vikachubuka. Asubuhi ile mwenye nyumba ya wageni alimwambia bila kupepesa macho: zikija hivi tena leo jioni, kazi anampa mwingine.

"Baba watoto, nikatie kopo moja niwekee beseni juu. Mgongo umenikatalia."

Mkasi akachagua moja kuukuu, akalipasua kwa grenda. Akaduwaa. Ndani mlikuwa na vitundu maelfu, vimepangana sawasawa, na upande wa injini vimeshindiliwa masizi. Akakung'uta, yakamwagika mpaka yakafunika viatu. Kisha akapitisha kidole upande wa kutokea moshi. Kidole kikarudi safi.

"Nani aliwaza kitu hiki?" akanong'ona. Miaka yote alikiita takataka! Akainua macho, akaziona shuka kambani, na malori yakipita barabarani yakitoa moshi.

"Mama watoto, sabuni haina kosa. Ni mimi."

Dobi alilitazama lile rundo la masizi, kisha vidole vyake. Halafu akaelekeza kidevu mezani, lilikokuwa kopo la sitini na moja, limetoka kufunguliwa kwenye lori la kaka yake, bado zima.

"Hilo linafulika?"

"Sijawahi kujaribu."

"Usilisugue. Loweka. Maji yaingie upande safi, uchafu urudi ulikoingilia."

Fundi wa miaka ishirini kazini akatii kama mwanafunzi.

"Shemeji, siku hizi unafua?" kaka mtu alicheka lilipokuwa likikauka juani. Lakini liliporudishwa, taa ya injini ilizima, lori likavuta vizuri. Dobi akashika shuka moja safi nyuma ya bomba la moshi, Mkasi akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Akashuka, wakaigeuza upande huu na ule. Nyeupe! Machozi yalimlengalenga Mkasi, wala hakuyaficha.

Zana zikatolewa nje, shuka zikafuliwa upya, kamba ikafungwa ndani ya gereji, mbali na barabara. Jioni shuka zilikwenda nyeupe na kazi ikabaki.

Mkasi akasimama mbele ya yale makopo mengine. Akatoa simu, akampigia dereva wake wa kwanza kabisa.

"Lete lori," alisema. "Kuna kitu chako nilikichukua."