Mbuzi Hawakuja Kunywa

Asubuhi ile Lemayian alininyoa nywele kwa wembe tuliokuwa tukiutumia pamoja, akinitania kwamba kichwa changu kina kona nyingi kuliko barabara ya Magadi. Yeye alitoka Kitengela, mimi Kajiado. Sote tulikuwa wana wa wafugaji tuliovaa sare za jeshi, tukilinda kambi ndogo ng'ambo ya mpaka. Nje ya lango kulikuwa na mfereji wa bomba na hori chini yake, na kila siku saa tatu mzee mmoja wa pale alileta mbuzi wake kunywa. Lemayian ndiye aliyewafungulia maji. Alisema wanamkumbusha nyumbani.

Siku hiyo saa tatu ilipita. Saa nne jua likawa kali, na mbuzi hawakuonekana.

Niliogopa. Aliyekua nyuma ya mifugo anajua kwamba mbuzi mwenye kiu hachelewi. Anayemchelewesha ni mchungaji, na mchungaji hamnyimi mbuzi maji ila ameona jambo baya kuliko kiu.

"Mwambie sajini," Lemayian alisema.

"Nimwambie nini? Ati mbuzi wamechelewa? Watanicheka mpaka nirudi kwetu."

Kicheko hakikuwa sababu yote. Kwetu mdogo haongei mbele ya wakubwa mpaka aulizwe, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote kambini. Sajini alinipita mara mbili. Hakuniuliza kitu, nami nikanyamaza.

"Basi wacha nijaze hori," Lemayian alisema. "Hao watakuja na kiu mbaya."

Akatoka langoni.

Kulikuwa kimya, hata ndege hawakulia.

Risasi ya kwanza sikuisikia. Nilimwona tu akikaa chini polepole, mkono ungali kwenye mfereji.

Maji yaliendelea kumwagika.

Tulipigana hadi adhuhuri. Washambuliaji walipoondoka, sisi wengine tulikuwa hai.

Nilirudi Kajiado na mguu mbovu na hasira isiyo na mwenyewe. Ukame ulipokuja, watu wakaanza kutishiana kwa mikuki kisimani, nikachaguliwa mwenyekiti wa kisima kwa kuwa nimeona vita. Nilikubali kwa sharti moja: mkutanoni, aliye mdogo aongee kwanza. Wazee walinuna, mmoja akasema jeshi liliniharibu akili. Kisha siku moja msichana mchunga kondoo akatuambia njia ya bonde la pili imekauka nyayo, mifugo ya jirani haipiti tena. Tulikwenda siku hiyo hiyo, tukawakuta vijana wa huko wakijiandaa kutuvamia. Tukaketi, tukagawana zamu za maji. Hakuna aliyezikwa.

Mama yake Lemayian huuza maziwa Kitengela. Miaka yote nilikuwa nimemwambia mwanawe alikufa shujaa, basi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwambia yaliyobaki.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu kwa Kimaasai, kama mama yangu mzazi.

"Iko, mwanangu," aliitikia.

Nikamweleza habari za mbuzi na za kunyamaza kwangu. Alisikiliza akisugua kibuyu, hakuinua macho.

"Hiyo sheria yenu ya kisima," aliuliza mwishowe, "uliitoa hapo?"

"Ndiyo, yeyo."

"Ni sheria nzuri." Alikiweka kibuyu chini. "Imeokoa watoto wa wenzangu."

Akanimiminia chai. Neno la kusamehe hakulisema, na mimi sikuthubutu kumwomba.